Rimoti Nne za Mama: Historia Fupi ya Runinga Upareni

Desemba iliyopita nilishuka basi mjini Same, nikapanda gari la milimani kwenda kumsalimu mama kijijini kwetu, upande wa Mbaga. Nilimkuta sebuleni akisikiliza redio ndogo ya betri, na mbele yake runinga kubwa iliyonunuliwa na ndugu yangu ikiwa imezimwa. Juu ya meza zilikuwapo rimoti nne zimepangwa kama sahani: ya runinga, ya king'amuzi, ya sabufa na ya deki. Ya king'amuzi ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Ya runinga ilikuwa imeliwa vitufe viwili na panya.

Nilipouliza kwa nini hatazami taarifa ya habari, alinijibu kwamba tangu mjukuu wake arudi shule hakuna anayeweza kuiwasha. "Mwanangu, hiki chombo kimekuwa kama ofisi ya serikali," alisema. "Ukienda dirisha hili wanakuambia nenda lile, na ukifika lile wanakuambia ulianza vibaya."

Nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi mapema. Mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka 30. Anajua kusoma, anajua hesabu, anajua haki zake. Kama mtu wa namna hiyo ameshindwa kupata habari za nchi yake akiwa ndani ya nyumba yake, na umeme upo, na kifurushi kimelipiwa, basi swali haliwezi kuwa juu ya uzee wa mama peke yake. Lazima tuulize zile rimoti nne zilifikaje mezani pale, na kila moja ilitumwa na nani.

Tanzania Bara ilichelewa kuwa na runinga, na ilichelewa kwa makusudi. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Upande wa Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona runinga kuwa anasa ambayo ingewapa wachache wa mijini burudani kwa gharama ya walio wengi wa vijijini. Chombo cha taifa kilikuwa Radio Tanzania, na redio ilikuwa na fadhila moja ambayo leo hatuithamini: ilikuwa na vifundo viwili. Kimoja cha sauti, kimoja cha kutafutia stesheni. Mzee asiyejua kusoma na mtoto wa darasa la pili waliitawala sawasawa.

Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mzuri wote. Nchi iliyo na stesheni moja haihitaji kitufe cha kubadilishia, na hilo nalo lina maana yake katika siasa. Msikilizaji alikuwa na uhuru wa kuwasha na kuzima tu. Mabadiliko ya uchumi ya miaka ya 1980 yalifungua milango ya bidhaa, na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua anga. Mwaka 1994 ITV na vituo vingine binafsi vilianza kurusha matangazo Dar es Salaam. Serikali yenyewe ilifuata kwa Televisheni ya Taifa mwaka 2000. Zingatia mfuatano huo. Bara, mfanyabiashara aliitangulia dola katika runinga kwa miaka sita, na kwa hiyo kanuni nyingi ziliandikwa kuzunguka jambo ambalo tayari lilikuwa limesimama.

Kwetu milimani runinga ilifika mwaka 1998, baba alipostaafu ualimu na kupata kiinua mgongo. Ilikuwa ya inchi 14, yenye chogo refu nyuma, ikiendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa Same kuchajiwa kila ilipoishiwa nguvu. Ilikuja na rimoti yake, na baba hakuitoa kwenye nailoni yake hadi alipofariki. Lakini rimoti ile ilikuwa ya heshima zaidi kuliko ya kazi. Rimoti halisi nilikuwa mimi. Nilikuwa likizo ya kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa kusimama nje gizani nikizungusha mwanzi uliobeba antena, huku baba akiamuru kutoka sebuleni: "Rudisha kidogo! Umepitiliza! Hapo hapo, usiguse!" Majirani waliojaa ndani walipiga makofi picha ilipokuja, kisha upepo wa Shengena ukavuma, na chenga zikarudi.

Jiografia ilikuwa na sauti katika jambo hili, na bado inayo. Mawimbi ya runinga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima Shengena una mita 2,462, na milima yote ya Upare wa Kusini imesimama kama ukuta kati ya tambarare ya Same, ambako reli na barabara kuu ya kwenda Moshi hupita, na tambarare ya Mkomazi upande wa mashariki. Kijiji kimoja hupata picha safi, na kijiji cha bonde la pili hakipati kitu. Ndiyo sababu madishi makubwa ya waya yalipokuja, watu wa milimani wenye uwezo waliyakimbilia. Dishi lilihitaji risiva, na risiva ilikuja na rimoti yake. Hiyo ndiyo ilikuwa rimoti ya pili. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuulaumu mfumo wa dijitali kwa kila kitu, na ukweli ni kwamba mlima ulitangulia.

Rimoti ya tatu ilitoka serikalini. Katika makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi za kanda yetu zilikubali kuachana na matangazo ya analojia ifikapo Juni 2015. Tanzania iliamua kutangulia. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa zamu katika miezi iliyofuata. Moshi na Arusha zilifikiwa mwishoni mwa Machi 2013. Kisayansi uamuzi ulikuwa sahihi. Njia moja ya masafa iliyokuwa ikibeba stesheni moja sasa iliweza kubeba nyingi, na picha ilikuwa safi. Lakini runinga zilizokuwa majumbani hazikujua lugha mpya, kwa hiyo kila nyumba ililazimika kununua mfasiri, ndiye king'amuzi. Na wafasiri walitoka kwa kampuni mbalimbali, kila mmoja akiwa na kadi yake, menyu yake na rimoti yake. King'amuzi cha kampuni hii hakikusoma matangazo ya kampuni ile, na rimoti ya hiki haikukiamuru kile.

Kisha Agosti 2018 kikaja kisa ambacho wasomaji wengi watakikumbuka. Ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku viliondolewa chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa hoja ya Mamlaka ya Mawasiliano kwamba leseni zao za matangazo ya kulipia hazikuwaruhusu kuzibeba. Hoja ya kisheria ilikuwapo, tena nyuma yake palikuwa na nia njema ya kwamba chaneli za taifa zisifungiwe ndani ya kifurushi cha kulipia. Lakini tazama matokeo yake sebuleni. Aliyekuwa na king'amuzi cha dishi, na akataka kuona TBC na ITV, alitakiwa kutafuta king'amuzi cha pili. Kwa wa Same mjini lilikuwa suala la fedha. Kwa wa bondeni, ambako mawimbi ya minara ya nchi kavu hayafiki, halikuwa na jibu. Chaneli hizo zilirudi baadaye, lakini ving'amuzi vya pili vilivyokuwa vimenunuliwa havikurudi dukani. Viko makabatini hadi leo, na rimoti zake ziko mezani.

Upareni tunayo kumbukumbu ya kanuni iliyotungwa kwa nia ya haki ikashindwa kueleweka na waliotakiwa kuifuata. Mwaka 1942 utawala wa Kiingereza ulileta kodi ya madaraja iliyopewa jina la zamani la Kipare, mbiru, ambapo kila mtu angetozwa kwa kadiri ya mali yake. Kwenye karatasi ilionekana ya haki kuliko kodi sawa kwa wote. Kwa Wapare haikueleweka nani anapima, kwa kipimo gani, na kwa nini jirani mwenye ng'ombe wale wale alitozwa tofauti. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani wakaenda makao ya wilaya pale Same, wakakaa kwa miezi wakipokezana, na baadaye wanawake nao wakaingia katika upinzani huo. Kodi ile ilifutwa kabla muongo haujaisha. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, ambaye sisi wa fani ya historia tunamwona baba yetu, ameliandika jambo hili kwa kina, na kila ninapomsoma nakumbuka kwamba watu wale hawakupinga kulipa kodi. Walitaka njia wanayoielewa ya kuilipa. Sifananishi kodi ya mkoloni na rimoti. Nafananisha hali ya mtu aliyewekewa mfumo ambao ufunguo wake uko kwa mwingine.

Asubuhi yake niliteremka Same. Pembeni mwa stendi yuko fundi kijana mwenye meza ya redio, pasi ya kulehemu na sanduku la rimoti kuukuu. Nilimweleza shida.

"Shikamoo mwalimu. Usinunue kwa kuhesabu vitufe," aliniambia. "Nunua inayojifunza."

Ili kumwelewa lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa kidhibiti cha kwanza cha runinga kilichouzwa madukani, kikiwa kimeunganishwa kwa waya uliokuwa ukiwakwaza watu miguu. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley alitengeneza kingine cha mwanga wa kurunzi, ambacho jua la dirishani lilikichanganya. Mwaka uliofuata Robert Adler alileta kilichotumia mlio usiosikika kwa sikio la binadamu. Mwanga wa infraredi ulishika nafasi hiyo katika miaka ya 1980, na ndio unaotumika hadi sasa katika rimoti nyingi. Ukibonyeza kitufe, taa ndogo iliyo mbele humeta mara 38,000 hivi kwa sekunde, na katika kumeta huko hukatwa vipande virefu na vifupi vinavyofanya namba. Kanuni ya kampuni ya NEC ya Japani, inayotumiwa na vifaa vingi, hutuma biti 32: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani hiyo, amri, na kinyume cha amri. Kinyume ni cha kuhakiki, kama karani anayesoma hesabu mara ya pili kuanzia chini. Philips walibuni kanuni yao, Sony yao. Hapo ndipo ilipo siri ya meza ya mama. Vifaa vyote vinne vinapokea mwanga ule ule, ila kila kimoja kimefundishwa kuitika jina lake tu.

Wazo la rimoti moja ya vyote lilizaliwa katika muongo huo huo. Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, aliiacha kampuni ile akaanzisha nyingine, na mwaka 1987 ikatoa rimoti iliyojifunza namba za vifaa vingine. Haikuuzika sana, lakini wazo lake ndilo lililofika kwenye meza ya fundi wa Same, kupitia viwanda vya China, kwa shilingi 7,000.

Zipo namna mbili za rimoti za jumla, na anayekwenda dukani aijue tofauti. Ya kwanza ina orodha ya namba ndani yake. Unafungua kijitabu, unatafuta jina la runinga yako, unashikilia kitufe cha SET hadi taa iwake na kubaki inawaka, unaingiza tarakimu tatu au nne, basi. Jina lako lisipokuwamo, unaiacha itafute yenyewe: unashikilia SET, unaielekeza kwenye runinga, nayo inapitia namba moja baada ya nyingine hadi runinga izimike. Hapo lazima uisimamishe mara moja. Ukichelewa sekunde mbili imeshapita. Runinga kuzimika si uthibitisho wa kutosha. Jaribu sauti, jaribu namba, jaribu menyu, kwani namba moja yaweza kuiga kitufe cha kuzima tu na kukosea vingine vyote.

Ya pili ndiyo ile inayojifunza. Unaziweka rimoti mbili uso kwa uso juu ya meza, umbali wa vidole vitatu hivi. Unaiambia mpya kwamba sasa ni darasa, unabonyeza kitufe unachotaka kukifundisha, kisha unabonyeza cha zamani. Taa ikipepesa, somo limeingia. Sabufa nyingi zinazouzwa kwetu hazina jina katika kijitabu chochote duniani, kwa hiyo hii ndiyo njia pekee kwao. Fundi alinipa na tahadhari mbili: nihakikishe kumbukumbu haifutiki betri zikitolewa, na kabla ya yote nipime rimoti za nyumbani kwa kamera ya simu. Jicho halioni infraredi, lakini kamera nyingi za mbele huiona kama nukta ya zambarau. Rimoti isiyotoa nukta imekufa, au betri zake zimekwisha.

Kazi ilinichukua saa mbili. Runinga ilikubali kwa njia ya kutafuta, mara ya tatu. Sabufa ilifundishika bila shida. Deki niliiacha, maana mara ya mwisho kutumika ilikuwa harusi ya dada yangu. King'amuzi ndicho kilichonitoa jasho, kwa sababu rimoti yake ya asili ilikuwa na vitufe vitatu vilivyokufa, na kitufe kilichokufa hakina cha kufundisha. Laiti rimoti mpya ingenunuliwa mapema, ingevirithi vyote. Niliazima ya jirani mwenye king'amuzi cha aina ile, nikamaliza.

Hapo ndipo nilipokutana na mpaka ambao fundi hakunieleza, na ambao ndio ulionifanya niandike makala hii. Rimoti ya jumla huiga kitufe. Haiwezi kuiga kadi. Inaweza kusema kila neno ambalo king'amuzi kinalielewa, lakini uamuzi wa nini kionekane hauko katika mwanga ule. Uko katika namba ya siri iliyomo kwenye kadi, na kadi iko katika kumbukumbu za kampuni, na kampuni iko chini ya leseni. Fundi wa Same amezifuta tofauti za anwani kwa shilingi 7,000. Tofauti za leseni hawezi kuzifuta.

Lipo lililo ndani ya uwezo wa watunga kanuni. Mamlaka inapoidhinisha aina ya king'amuzi kiingie sokoni, inaweza kudai kwamba namba za rimoti yake ziwekwe wazi, ili fundi yeyote azipate bila kuhitaji rimoti ya jirani. Inaweza pia kudai kwamba kitufe kimoja, chenye alama moja kwa kampuni zote, kimpeleke mtazamaji moja kwa moja kwenye chaneli za taifa zisizolipiwa, kifurushi kiwe hai au kimekwisha. Gharama ya hayo kwa mtengenezaji ni ndogo, kwani ni mistari michache ya programu. Wapo watakaosema soko litajirekebisha lenyewe. Soko lilikwisha kujirekebisha Marekani: Logitech, iliyotengeneza rimoti za jumla mashuhuri kuliko zote, ilitangaza mwaka 2021 kuacha kuzitengeneza, ikaahidi kuendelea kuzihudumia zilizokwisha kuuzwa. Waliozinunua kwa fedha nyingi wanaitegemea ahadi hiyo, kwa kuwa zilipangwa kupitia kompyuta za kampuni. Na runinga za kisasa zinaelekea huko huko. Nyingi sasa huweza kuamuru kifaa kilichounganishwa nazo kwa waya wa HDMI, jambo zuri kwa aliye na vifaa vipya vinavyoelewana; lakini rimoti zake nyingi zinatumia bluetooth, ambayo rimoti ya fundi haiwezi kuiiga.

Kuna jambo jingine la sebuleni ambalo wanaharakati wetu hawaliandikii sana. Baba alipokuwa hai, rimoti ilikaa kwenye mkono wa kiti chake, na mama alitazama alichotazama baba. Baada yake ilikwenda kwa kaka, kisha kwa mjukuu, kwa sababu ndiye "anayejua." Katika miaka yote hiyo mama hakuwahi kuishika. Nilipomkabidhi ile mpya aliigeuza geuza, akauliza kama inaumwa ikibonyezwa sana, kisha akaenda chumbani akarudi na chupa ya rangi ya kucha iliyoachwa na binti wa dada. Alipaka kitufe cha kuwashia, vitufe viwili vya sauti na kile cha chaneli ya taifa. Vingine arobaini na kitu akaviacha.

"Hivi ni vya wenyewe," alisema.

Namba ya runinga, ya tarakimu nne, aliiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni ndani ya jalada la nyuma la kitabu chake cha nyimbo, na chini yake maelekezo kwa lugha yake: shika SET, subiri taa, andika namba, achia. Wiki iliyopita alinipigia simu. Kifurushi kilikuwa kimekwisha tangu Jumatatu, na chaneli ya taifa bado ilikuwa inaonekana. Alitaka kujua kama ni haki yake au ni makosa ya mashine, ili asije akadaiwa.